Dakika za Adhabu

Baba yangu ana daftari moja la shule, lile la jalada la buluu lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Analiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake hapa Lodwar, pamoja na leseni yake ya zamani ya udereva. Ni kurasa mbili tu zilizoandikwa. Kila mstari ni Pasaka moja: mwaka, jina la dereva, aina ya gari. 1965, Joginder Singh, Volvo. 1966, Shankland, Peugeot. 1967, Shankland tena, Peugeot tena. 1968, Nowicki, Peugeot. Mwandiko ni wa mtu aliyeacha shule darasa la nne, herufi kubwa zilizosimama wima kama vigingi. 1973, Mehta, Datsun. 1974, Joginder, na mbele yake ameandika LANSA, yaani Lancer. Mistari inaendelea hivyo hadi 1981. Halafu inakuja 1982, mwaka peke yake. Mbele yake hakuna kitu.

Sijawahi kuuliza kwa nini. Nilikuwepo.

Kwa msomaji ambaye hakukulia karibu na redio ya Pasaka, wacha nieleze kidogo. Safari haikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Inasimuliwa kwamba mzungu mmoja wa Nairobi, Eric Cecil, alipoalikwa kushindana kwenye mzunguko wa magari alikataa, akasema haoni raha ya kurudi palepale kila dakika mbili. Afadhali mtu afunge mlango wa gari lake, aende mpaka nusu ya Afrika, kisha arudi nyumbani. Ndivyo yalivyozaliwa mashindano ya kwanza, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Magari ya kawaida, ya kununuliwa dukani, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huo hapakuwa hata na mshindi mmoja wa jumla. Magari yaligawanywa kwa bei zake, kila kundi likapata mkubwa wake.

Baadaye mashindano yakahamia Pasaka, na ukiishi nchi hii unajua Pasaka ni nini: ni mvua. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na ng'ombe, basi, harusi, na daraja lililokwenda na maji usiku wa jana. Sheria yenyewe mtoto angeielewa. Njiani kulikuwa na vituo, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika. Ukichelewa dakika moja, unapata pointi moja ya adhabu. Ukichelewa mno, umetoka. Mwisho wa siku zote hizo, baada ya kilomita elfu kadhaa, mshindi si aliyekimbia kuliko wengine. Ni yule aliyebeba adhabu chache. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Baba alikuwa akizitaja hesabu hizo kama watu wengine wanavyotaja mistari ya Biblia.

Sisi huku hatukuwemo. Sijawahi kumsikia mzee wa Lodwar akisema aliliona gari la Safari likipita kwetu. Turkana wakati wa mkoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu aliingia kwa kibali. Tarehe 8 Aprili 1953, wiki saba kabla ya magari ya kwanza kuondoka, hakimu wa Kapenguria aliwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano kifungo cha miaka saba, wakaletwa Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar. Kwa hiyo mwaka mmoja ule, barabara hizi za Afrika Mashariki zilikuwa na kazi mbili. Kule chini zilikuwa za sherehe. Huku juu zilikuwa za kumpeleka mtu mahali ambapo asingerudi kirahisi. Kenyatta mwenyewe alipomaliza kifungo mwaka 1959 hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Alihamishiwa hapa Lodwar, akakaa hadi 1961.

Lakini Baba aliiona Safari mara moja. Miaka ya sitini alikuwa kijana wa kuosha spea katika gereji moja ya Kitale, na Pasaka moja vijana wa gereji walipanda lori wakaenda kando ya barabara ya Eldoret inayoelekea Uganda kungojea magari usiku. Mvua ilinyesha. Peugeot moja ilitoka kwenye kona, ikateleza, ikaingia mtaroni. Baba na wenzake waliruka ndani ya tope wakaisukuma. Dereva hakuteremka. Alichungulia dirishani, akasema "Asante, vijana!" kwa Kiswahili kibovu, akaondoka akiwaachia tope usoni. Baba hakumtambua ni nani. Miaka yote amebaki akisema kwamba kuna dakika mbili katika Safari ambazo ni zake.

Aliyempenda zaidi ni Joginder Singh, Kalasinga wa Kericho, kwa sababu alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 Joginder alishindana na Volvo ambayo ilikuwa imeshatumika na wengine, yeye na ndugu yake Jaswant. Wakatoka wa kwanza kwenye mstari na wakarudi wa kwanza. Baba alisema hiyo ndiyo maana ya kusikiliza gari. "Gari inakuambia kabla haijaharibika," alizoea kusema. "Wewe ndio huna masikio."

Alipopata lori la kuendesha, Bedford la tajiri mmoja wa Lodwar, aliipeleka Safari yake mwenyewe kwenye barabara ya Kakuma. Ni takriban kilomita 120. Wakati huo ilikuwa mchanga, mawe, na malaga. Laga ni mto wa mchanga: mwaka mzima mbuzi wanalala ndani yake, halafu mvua inanyesha milimani ambako wewe huioni, na kwa nusu saa unageuka bahari ya rangi ya chai. Ilikuwa miaka ya njaa. Kuanzia 1979 mvua zilikosekana, mifugo ikafa, na watu wakaja kukaa karibu na barabara wakingoja mahindi ya msaada. Baba ndiye aliyekuwa akiyaleta.

Nikiwa na likizo alinichukua. Niliketi katikati, juu ya kifuniko cha injini, miguu ikiungua, naye akaniita navigeta. Kazi yangu ilikuwa kusema kinachokuja kabla hakijafika: "Mchanga. Mawe kushoto. Laga, imekauka." Kwenye mchanga mrefu alipunguza upepo wa magurudumu. Kwenye laga lenye maji hakuingia kamwe kabla tanboi hajalitembea kwa miguu, fimbo mkononi. "Tembea maji kwanza" ilikuwa amri ya nyumba yetu. Hata mahari ya dada yangu ilijadiliwa kwa maneno hayo. Mti mkubwa fulani ulikuwa kituo cha kwanza, kilima fulani cha pili, na kila kituo Baba alitazama saa yake ya mkononi, akasema, "Tumechelewa nne," au, siku njema, "Safi, hatuna adhabu."

Mimi nilizaliwa mwaka 1973, na Baba alipenda kunikumbusha kwamba mwaka huo ndio Safari ilipoingia kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia yalipoanza, na ndio mwaka ambao Shekhar Mehta na Harry Källström wa Uswidi walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, mpaka kanuni ya kutenganisha sare ikampa Mehta ushindi. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Mwaka mmoja kabla, Idi Amin alipowafukuza Wahindi, familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizoondoka. Fikiria: mtu anapoteza nchi mwaka huu, mwaka unaofuata anashinda barabara za nchi jirani. Baba hakuwa na neno "mkimbizi" mdomoni wakati ule, na Kakuma haikuwa na kambi. Alisema tu, "Huyo alikuja na mkono wake." Kisha Mehta akashinda tena 1979, 1980, 1981. Ilipofika Pasaka ya 1982, hapa kwetu hakuna aliyeuliza nani atashinda. Tuliuliza nani atakuwa wa pili.

Mama alikuwa Kakuma kwa nyanya yangu, mimba ya miezi minane. Mimi na Baba tulifika Ijumaa Kuu na mahindi. Jumamosi mchana, tukiwa tumeshapakua, Mama alianza kutokwa na damu. Muuguzi alimtazama, akamwita Baba pembeni, akasema, "Mpeleke Lodwar. Usingoje kesho." Baba hakujibu. Alitandika magunia matupu nyuma ya lori, akafunga turubai juu, tukampakia Mama na Nyanya. Tanboi akapanda nao. Mimi nikakaa mahali pangu.

Sikumbuki nikisema "mchanga" wala "mawe." Nakumbuka Baba aliendesha vizuri kuliko siku zote, yaani polepole pale palipohitaji upole, na haraka pale palipomruhusu, na kila lori liliporuka alifumba jicho moja kama aliyegongwa yeye. Redio ndogo ya betri ilining'inia kwenye kioo. Mtangazaji wa Sauti ya Kenya alikuwa akitaja majina: Mehta, Röhrl, Kirkland. Kwa mbali upande wa magharibi kulikuwa na weusi. Kwetu hakukuwa na tone.

Tulifika laga la mwisho saa kumi na mbili unusu jioni. Tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa limejaa kutoka ukingo hadi ukingo, likibeba matawi, na mbuzi mmoja aliyekufa alipita akizungukazunguka taratibu. Ng'ambo, mbali, tuliona mwangaza wa Lodwar ukianza.

Tanboi aliingia na fimbo. Alifika kiunoni, akasita, akarudi. Baba alichukua jiwe akaliweka kwenye ukingo wa maji, apime kama yanapanda. Yalikuwa yanapanda.

Ndipo ilipokuja Landrova nyuma yetu, wanaume wawili ndani. Dereva wake alivua suruali, akaingia mwenyewe, akapita zaidi ya pale tanboi alipofika, akarudi akitetemeka. Akamwambia Baba, "Mzee, maji bado ni ya kiunoni. Ikipita nusu saa hatupiti tena. Sasa hivi inawezekana. Niletee mama, nimvushe."

Baba alitazama maji. Alimtazama yule mtu. Alikwenda nyuma ya lori, akafunua turubai, akamtazama Mama, akaifunga tena. Akarudi akasema, "Hapana. Tutangoja."

"Mzee—"

"Nimesema tutangoja, ndugu yangu. Nenda salama."

Landrova ikaingia. Taa zake zilikwenda upande, zikazama, giza likaja kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima, halafu zikatokea upande wa pili zikipanda ukingo. Wakapiga honi mara mbili. Nilielewa, hata na miaka yangu tisa, kwamba honi ile ilikuwa inatuambia: mnaona? Kisha taa nyekundu zikapotea njia ya Lodwar.

Maji yalipanda mpaka saa nne usiku, jiwe la Baba likazama, akaweka jingine, likazama nalo. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita, juu ya magunia ya mahindi, taa ya mkono ikishikwa na tanboi aliyekuwa amegeuza uso upande mwingine kwa heshima. Alikuwa msichana. Alilia mara moja, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeuliza kitu. Kwenye kebini redio bado ilikuwa inasema habari za Safari, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima. Nyanya akaita kutoka nyuma, "Zima hiyo kitu!" Baba akaizima.

Mtoto alifariki yapata saa tisa. Saa kumi na moja unusu alfajiri laga lilikuwa limeshuka hadi magotini, tukavuka bila shida yoyote, kama tunavuka uani. Kabla ya kuvuka Baba alikuwa amechimba kando ya mti mmoja juu ya ukingo, akapanga mawe. Ilikuwa asubuhi ya Pasaka. Mama alilazwa wiki tatu, akapona.

Jumatatu Mehta alishinda kwa mara ya tano, mara ya nne mfululizo. Nililisikia dukani, nikakimbia nyumbani nikamwambia Baba, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilifikiri habari njema ni dawa. Alisema, "Sawa." Aliandika mwaka kwenye daftari, nilimwona. Akashika kalamu kwa muda. Kisha akalifunga daftari.

Tangu hapo redio haikufunguliwa tena Pasaka nyumbani kwetu. Lori aliendelea kuliendesha miaka ishirini zaidi. Vituo havikuhesabiwa tena. Sikuitwa tena navigeta.

Nitasema ukweli, kwa sababu sioni faida ya kuandika habari hii nusu. Nilimchukia kwa muda mrefu. Si waziwazi, kwetu mtu hamchukii baba yake waziwazi. Nilimwamkia, nilimletea sukari, nilimlipia matibabu ya macho. Lakini ndani yangu kulikuwa na ile Landrova, na kila mwaka ilivuka. Ilivuka nikiwa sekondari, ilivuka nikiwa chuo cha ualimu. Nilipopata mtoto wa kwanza, ilivuka kila usiku kwa mwezi mzima. Nilifanya hesabu: robo saa kuvuka, robo saa nyingine hadi hospitali. Saa moja usiku Mama angekuwa kitandani, na dada yangu angekuwa na umri wa kunisumbua.

Nikatafuta namna ya kumtetea. Nilijisemea kwamba alifikiri kama dereva wa Safari. Magari 84 yalianza, 7 yakamaliza, na wale 7 si waliokimbilia kila mto. Lori tupu ni jepesi nyuma, ubavu wake ni mpana, maji yanaweza kulipindua. Hilo ni kweli, muulize dereva yeyote wa hii barabara. Na nilijisemea kwamba alipima watu wanne dhidi ya mmoja. Ilikuwa hoja nzuri. Kasoro yake ni kwamba Landrova haikuwa lori tupu, na haikuhitaji kubeba watu wote. Ilihitaji kumbeba Mama.

Mwaka 2002 Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia, na sikusikitika. Ilirudi Juni 2021, Naivasha. Rais Uhuru Kenyatta aliyaaga magari pale KICC Nairobi, mtoto wa mfungwa wa Lokitaung. Nilikuwa nimeenda kumwona Baba Jumapili ile. Alikuwa ameketi nje juu ya kigoda chake, macho yamefifia. Mpwa wangu alikuwa na simu, na kwenye simu Ogier alikuwa anapita katika vumbi. Nilitaka kumwambia mtoto azime. Baba akasema, "Leta hapa karibu."

Akatazama kwa muda, uso ukigusa kioo. Akauliza, "Wanaenda kilomita ngapi siku hizi?"

Mpwa wangu akasoma. "Za kushindana ni kama 320, babu. Siku nne."

"Mia tatu na ishirini." Akacheka kidogo, bila dharau. "Lodwar Kakuma, kwenda na kurudi, mara moja na kidogo."

Baada ya mtoto kwenda zake nikabaki naye. Sijui ni nini kilinipa ujasiri. Labda ni kule kumsikia akitaja ile barabara. Nikamwambia, "Baba, ile Landrova ilivuka."

Hakujifanya haelewi. "Ilivuka," akasema.

"Ulihesabu nini, Baba? Usiku ule. Uliona nini kwenye maji ambacho yule mtu hakuona?"

Alikaa kimya mpaka nikafikiri amenikasirikia. Halafu akasema, "Sikuhesabu kitu. Niliogopa."

Nikangoja.

"Nyinyi watoto mnafikiri mtu mzima ana hesabu," akasema. "Mwaka uliotangulia niliona lori ikichukuliwa na maji, watu wako juu. Nilisikia vile walikuwa wakiita. Nilipofungua turubai nikamwona mama yako, nikasikia wale watu. Basi. Ningekuwa na akili ningempa yule kijana. Sikuwa na akili. Nilikuwa na woga."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka thelathini na tisa kusikia hoja, niikubali au niikatae. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mtu akikupa hoja unaweza kushindana naye. Akikuambia aliogopa, unashindana na nini?

Tukanyamaza. Kuku walikuwa wanaparua. Nilifikiri juu ya wale madereva 77 wa mwaka 1963 ambao hawakumaliza. Wengine gari lilivunjika. Wengine, nina hakika, walisimama mbele ya mto usiku, wakatazama maji, wakasema hapana. Hakuna aliyewauliza tena. Walioga, wakalala, mwaka uliofuata wakajaribu tena. Hiyo ndiyo tofauti ya mashindano na barabara yetu, na imenichukua muda mrefu kuiona: katika mashindano mtu anaruhusiwa kutoka. Baba yangu hakuwa na mahali pa kutokea. Alifanya kosa la mtu mwoga, usiku mmoja, mahali ambapo hapakupasa kuwa na mashindano yoyote. Palipasa kuwa na daraja.

Sasa lipo. Lami imefika, na mimi nafundisha Kakuma. Mji ule wa mahindi ya msaada ni mji mwingine kabisa. Tangu 1992 kuna kambi, walianza wale vijana wa Sudan, na tangu 2016 kuna Kalobeyei kando yake. Unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Wasomali wa dukani, na kila mmoja ana barabara yake ambayo haipendi kuisimulia. Ijumaa napanda Probox kurudi Lodwar, tumebanana watu wanane. Mwezi uliopita nilikaa karibu na mama mmoja wa Kongo aliyempakata mtoto mchanga, anampeleka kliniki. Dereva alikuwa na simu sikioni, anabishana na mtu kuhusu deni. Tulipita darajani. Kwa kawaida mimi hutazama upande wa ule mti, ingawa mti wenyewe haupo tena. Safari hii nilitazama saa. Nilitaka kujua.

Sekunde sita. Mtoto hakuamka.

Jumapili iliyofuata nilichukua lile daftari kutoka kwenye sanduku, nikampelekea Baba pale nje. Nikamsomea mistari yote kwa sauti, kwa sababu macho yake hayafiki tena. Kila jina alitikisa kichwa. Joginder, Shankland, Nowicki, Herrmann, Mikkola. Nilipofika 1982 nikanyamaza.

"Andika," akasema. "Si kosa la Mehta."

Nikaandika: 1982, Mehta, Datsun. Mwandiko wangu ulionekana mdogo na wa kivivu chini ya ule wake.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kufunga.

"Na sisi," akasema. "Andika na sisi."

"Niandike nini, Baba?"

"Bedford. Kakuma, Lodwar." Alifikiri. "Tulifika lile laga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili unusu."

"Tukavuka kumi na moja unusu. Hiyo ni dakika ngapi?"

Nikapiga hesabu. "Mia sita na sitini."

"Andika hizo," akasema. "Andika zote."